Kuti Lililofumba

Korogwe, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Semeni,

Shalom. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na hilo joto lenu la Maskati halijakukausha. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Anjelina hajambo, ila bado ana vita na kuku wa jirani wanaochakura mchicha wake. Baba naye hajambo: anakula, anasimulia, anakosoa.

Usinicheke kwamba nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ninayo. Wajua siku ya Shabati simu tunazizima, na Baba akishakula cha mchana anataka kitu cha kusomewa. Barua zako anazipenda kuliko redio. Kwa hiyo andika, tena andika ndefu, na ukimpata mtu wa kwetu anayekuja likizo mpe ailete. Hii ya leo anakuja nayo Radhia, yule anayefuata bidhaa huko.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Shirika la Kumi wamekubali! Wamekubali, Semeni! Unakumbuka mwaka ule tulipobaki watu wazima saba tu hapa Korogwe, na sala ya jamaa haitimii bila kumi, wao ndio waliokodi gari kila mwezi kuwaleta wenzetu wa Tanga na Muheza mpaka tukatimia. Wakatuletea vitabu vya sala, wakatuletea unga wa Pasaka. Mwaka huu wanatuletea mwalimu, Mwalimu Asheri wa Nairobi, akae nasi sikukuu zote. Na kwenye Sikukuu ya Vibanda tutashika ile mimea minne iliyoamriwa: tunda la etrogi lililo kama limau kubwa, tawi la mhadasi, tawi la mwerebi na kuti la mtende. Tutaishika kwa mikono yetu wenyewe, hapa hapa Korogwe!

Ila Shirika lina kanuni yake. Haliwaletei watu kila kitu. Wamesema, mitatu tutaleta sisi, wa nne mlete nyinyi, ili sikukuu iwe yenu na si yetu. Na mmoja ukikosekana, yote imekosekana. Wametuachia kuti la mtende. Nikashika kichwa. Korogwe hii ni mkonge na minazi, mtende nitautoa wapi? Mkindu nimeuliza, haufai. Baba akapiga paja kofi, akasema, "Mna wazimu nyie? Semeni yuko nchi ya mitende!"

Mdogo wangu, Baba alilishika kuti hilo mara moja tu maishani, hajaanza hata shule, siku babu yake Yihya aliyetoka Yemeni alipomwekea mkononi pale nyuma ya duka la vitambaa. Tangu hapo kila mwaka anatuonyesha lilivyotikiswa, na mikono yake mitupu. Safari hii nataka iwe na kitu.

Linalotakiwa ni kuti changa la katikati kabisa, ambalo bado limefumba, majani yake yameshikana yote kama mkono uliokunja ngumi, na ncha yake nzima. Likishafunguka halifai tena. Utatuletea?

Kaka yako,
Elias


Al Khoudh, Maskati, 2 Julai 2024

Kaka Elias, na Baba unayesikiliza,

Shikamoo Baba. Shikamoo kaka. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, msinicheke. Joto la huku siku hizi ukianika nguo upande mmoja wa kamba, ukifika upande wa pili ile ya kwanza imekauka. Bibi Kheiria hajambo, magoti tu. Nimeshakuambieni habari zake, Baba: mama mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu utadhani anaimba, na mimi ndiye mpishi wake huu mwaka wa tatu. Ukoo wake wote unakuja Ijumaa kula pilau, na mjukuu wake Khalil, anayefanya kazi wizara ya kilimo, anakula kama watu watatu.

Kaka, barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, nikapiga kelele mpaka Bibi akaja na mkongojo akidhani nimeungua! Nitaleta! Nani alete kama si mimi? Huku mitende imepandwa mpaka kwenye mizunguko ya magari. Tangu siku hiyo nikiwa kwenye basi natazama juu tu, nachungulia vilele vya mitende ya manispaa, nahesabu makuti yaliyofumba. Abiria wenzangu wanasogea pembeni. Nimekwenda mpaka soko la Mawaleh, nikalikuta liko katikati ya kuhama, maboksi kila mahali. Namuuliza muuza tende, kuti changa lililofumba nitapata wapi? Ananiambia, "Mama, tende hizi hapa, kuti utalifanyia nini?" Nikacheka nikaondoka.

Baba, mimi nakuahidi. Mwaka huu mikono yako haitakuwa mitupu.

Elias, kuanzia hapa soma kimoyomoyo, Baba asisikie.

Yule muuza tende nilimkimbia kwa sababu huku hakuna anayejua mimi ni nani. Nilipofika waliniona sifanyi kazi Jumamosi, sili nguruwe, nachagua nyama, Bibi akasema, "Alaa, weye Msabato! Nilikuwa na jirani Msabato Unguja, watu safi." Nami nikamwacha aamini hivyo. Wikiendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, basi hata ruhusa sikuhitaji kuomba. Msabato nikawa, mwaka wa tatu huu. Na sasa unajua kuna nini kwenye televisheni, Elias. Kila jioni Bibi anatazama watoto wa Gaza na machozi yanamtoka, nami nimekaa naye kwenye zulia, yangu yanatoka pia. Halafu niinuke niseme, Bibi, mimi ni Myahudi wa Korogwe? Ulimi haufunguki, kaka. Naogopa kuipoteza kazi, na kusema kweli, Bibi mwenyewe naogopa kumpoteza zaidi.

Kwa hiyo kuti nitalipata, lakini kimya kimya. Ile mitende ya mzunguko wa chuo kikuu ni mifupi, ngazi ndogo tu inatosha.

Dada yako,
Semeni


Korogwe, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Shalom. Radhia tena ndiye tarishi wetu, Mungu ambariki, anasema safari ijayo atatutoza nauli ya barua. Hapa salama. Mwalimu Asheri kafika, kijana mrefu mwenye aibu, anakula ugali kwa uma. Anjelina kamwonea huruma, kamfundisha mkono. Kila jioni tunajifunza, watoto kwa wakubwa, na jamaa wa Muheza wanakuja na pikipiki zao. Nyumba ya sala imepakwa chokaa. Sijawahi kuiona Korogwe yetu imechangamka hivi!

Shuka haraka kwenye hiyo ngazi yako! Nimemuuliza Mwalimu kwa mbali, kama mtu anayeuliza la mwenzake. Kuti la wizi halifai, hata liwe zuri namna gani. Lazima liwe limekatwa kwa ridhaa ya mwenye mtende, na anayelishika awe amepewa likawa lake. Kwa hiyo itabidi umwombe mtu, Semeni. Namna ya kuomba utajua wewe, mimi sikushurutishi useme usilotaka kusema.

Baba anakuuliza maswali mengi, nimeahidi kuyaandika. Mtende wa huko ukiushika shina lake likoje? Kuti likitikiswa linatoa sauti gani, kavu au ya maji? Lina harufu? Wewe uliniomba kwa simu picha ya Baba akisikiliza barua zako. Nitaitafuta siku moja, mwanga wa nyumba yetu unaujua ulivyo.

Elias


Al Khoudh, 22 Septemba 2024

Elias,

Hii yote soma kimoyomoyo. Yote. Hata salamu.

Nimeharibikiwa. Ngoja nianze mwanzo.

Nilifuata shauri lako, nikaomba. Nikamwambia Bibi Kheiria, nataka makuti machanga ya mtende yaliyofumba, ya kupeleka nyumbani, Baba yangu anayatamani. Sikudanganya, si ndivyo? Bibi akafurahi mno, akasema, "Hilo tu? Mbona shamba letu la Sumail limejaa!" Akampigia simu Khalil. Alhamisi Khalil akaja na makuti kumi na mawili, marefu, yamefumba kama mishumaa, ncha zote nzima. Elias, nilitaka kucheza! Nikayafunga kwenye kanga mbichi nikayaweka kwenye friji la stoo. Nikalala nacheka peke yangu.

Jana Shabati nikapumzika chumbani kwangu kama kawaida. Jioni natoka, namkuta Bibi ukumbini, kakaa chini na magoti yake mabovu yale, uso unang'aa, na mbele yake chane. Chane, Elias! Kayafungua makuti yote, kachambua jani moja moja, kachana, kachemsha, kaanika, na ukili keshauanza, upana wa vidole vinne. Akaniambia, "Nimeona weye na kazi zako hutapata nafasi. Nimekuanzia. Mkeka wa Baba yako ntaufuma mwenyewe, kama tulivyokuwa tukifuma Unguja." Kwa mtu wa Unguja kuti changa ni la nini tena kama si la mkeka? Nani angewaza vingine? Na mimi mdomo wangu ulikuwa umefungwa, hakuna aliyemwambia.

Nikakaa chini nikalia. Nililia kwa sauti, Elias, kama nimefiwa. Bibi akashtuka, "Mwanangu, nimefanyaje? Nimefanyaje?" Na pale pale, bila kupanga, yakanitoka yote. Kwamba si ya mkeka, ni ya ibada. Kwamba mimi si Msabato. Nikasema neno lenyewe, sisi ni Wayahudi, Baba na babu zake, na Baba anangoja kuti hilo tangu utotoni.

Bibi alizitazama zile chane mapajani mwake. Kisha akainuka kwa mkongojo, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Chakula cha usiku hakula. Leo asubuhi chai imerudi jikoni ilivyokwenda. Sijui kesho nina kazi au sina. Khalil kapita, kaniuliza Bibi ana nini, sikumwangalia usoni.

Usimwambie Baba. Barua hii anakuja nayo mtu wa Muheza anayepanda ndege kesho.

Semeni


Korogwe, 26 Septemba 2024

Semeni mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, na kwa kuwa sina msafiri, hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu. Ipokee kama karatasi.

Kwanza, wakikutoa kwenye nyumba hiyo, njoo nyumbani. Chumba chako kipo, Anjelina kakitoa magunia leo asubuhi. Usikae kwa watu kwa hofu ya kutuangusha. Kazi ni kazi, wewe ni damu yetu.

Pili, mimi pia nimekuficha kitu, na baada ya kusoma ulivyolia naona haya kuendelea. Baba haoni. Lilianza jicho la kushoto baada ya Pasaka, sasa yote mawili. Daktari wa Tanga kasema hayarudi. Ndiyo maana sikukutumia picha. Ndiyo maana anauliza mtende unanukiaje na unalia vipi. Alinikataza kukuambia, alisema, "Atakata tiketi aje kunililia, na makuti ataleta nani?" Unamjua. Sasa umejua kwa nini nataka iwe mwaka huu. Macho yameondoka, mikono bado inakumbuka, na sijui itakumbuka mpaka lini.

Tatu, na hili nimeuliza kabla sijakuandikia: chane hazijapotea bure. Mwalimu Asheri anasema kuti, mhadasi na mwerebi hufungwa pamoja, na kifungo chake kizuri ni kile kinachofumwa kwa majani ya mtende huo huo. Nimecheka peke yangu, nikasema huyo Bibi ameanza kazi kwa upande wa pili tu. Kama bado anaongea na wewe, mwambie hivyo. Kama haongei, weka chane chache mfukoni uje nazo.

Kwa Baba nimesoma tu kwamba umewasalimu watu wote.

Elias


Al Khoudh, 8 Oktoba 2024

Kaka Elias, na Baba, na wifi Anjelina, na Mwalimu Asheri anayekula kwa mkono!

Shalom, na mwaka wetu mpya uwe mwema kwenu nyote! Mimi mzima, mzima kabisa! Barua hii anakuja nayo Bi Nasriya, binti wa Bibi Kheiria, anakwenda harusini Unguja, kisha atavuka mpaka Tanga. Pamoja na barua ana furushi refu limeviringwa kwa taulo mbichi. Ndani yake kuna makuti mapya sita. Sita! Yamefumba, ncha nzima, na cheti cha afya ya mimea Khalil amekifuatilia mwenyewe ofisini kwao mpaka mhuri wa mwisho. Elias, mpokee Bi Nasriya bandarini kwa heshima zote, mchukulie mzigo, na usimruhusu mpagazi yeyote ashike furushi hilo!

Elias, hapa soma kimoyomoyo, ila utabasamu.

Siku ya tatu Bibi aliniita chumbani. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu. Nikamkuta kitandani na zile chane, kazifunga vizuri kwa uzi. Nikabaki nimesimama mlangoni. Akasema, "Njoo hapa ukae. Miye siku tatu usingizi sina. Ntamwambia nini Mola wangu? Nimeharibu ibada ya mtu. Kitu cha ibada nimekichana kwa mikono yangu hii, nikakichemsha!" Elias, kumbe alikuwa akijificha nisimwone! Mimi huku nimepanga sanduku, yeye kule anaona haya kutoka!

Nikamwambia, Bibi, kosa langu, mimi ndiye niliyekuficha. Hapo ndipo aliponikasirikia. Akanigombeza khasa! "Miaka mitatu nnakula mkono wako, nnakupa funguo za nyumba, na weye hukuniamini na jina la dini yako? Yahudi ni mtu wa Kitabu, hilo miye sikusomeshwa? Ungelinambia siku ya mwanzo ningelikuuliza huli nini, basi!" Akaniuliza, "Tulipokuwa tukitazama ile habari jioni, weye ulikuwa ukimlilia nani?" Nikasema, watoto, Bibi. Akanishika mkono. "Basi tulikuwa tukilia kilio kimoja. Khalas, yamekwisha. Nipe simu nimwite Khalil."

Tukaenda Sumail wote, hata yeye, kwenye kiti cha mbele na mto wa kuegemea. Alikaa garini na dirisha wazi akimpigia Khalil kelele juu ya mtende, "Si hilo! Limeanza kuachama! Lile pale! Angalia ncha, usinivunjie ncha!" Khalil anasema wizarani hajawahi kutumwa hivyo. Kila kuti lililoshuka Bibi alilipokea yeye kwanza, akaliweka mkononi mwangu, akasema, "Nimekupa kwa moyo mmoja, liwe lako." Nilimfundisha maneno hayo, maana ulisema lazima mtu awe amepewa. Alirudia mara sita, asiruke hata moja.

Na ile habari ya kifungo nilimwambia njiani. Lo! Hakungoja tufike. Akazitoa chane kwenye mkoba, kumbe kaja nazo, akaanza kufuma garini. Utaviona kwenye furushi: vifungo sita vya ukili mwembamba, na vijumba viwili pembeni vya matawi, kama nilivyomchorea kutoka kwenye picha aliyotuma Mwalimu. Kimoja kina ukingo wa rangi nyekundu. Hicho kasema ni cha Baba.

Habari ya macho ya Baba nimelia nayo, Elias, sikufichi. Siku mbili sukari nimeiona chumvi. Sijamwambia Baba kwamba najua. Wewe endelea kusoma kama kawaida.

Sasa unaweza kusoma tena kwa sauti. Baba! Umeniuliza kuti linatoa sauti gani. Nimelitikisa karibu na sikio nikuandikie, lakini nimeamua nisikuandikie. Utalisikia mwenyewe.

Binti yako na dada yenu,
Semeni


Korogwe, 27 Oktoba 2024

Semeni!

Shalom, shalom, shalom! Tumepita sikukuu zote, nyumba yote imechoka, Anjelina amelala mchana huu wote na hakuna wa kumwamsha. Bi Nasriya tulimpokea, akala kwetu, akaondoka na ndizi mkungu mzima. Mwalimu amerudi Nairobi leo alfajiri, amenenepa.

Nikuambie siku yenyewe. Alhamisi asubuhi kibanda kilijaa, watu wa Tanga, watu wa Muheza, majirani Waislamu na Wakristo wamesimama nje wakichungulia kati ya matawi. Kumi? Tulikuwa thelathini na zaidi! Mwalimu akalifunga kuti na mhadasi na mwerebi kwa kile kifungo chenye ukingo mwekundu. Nikamwekea Baba mkononi.

Hakulitikisa kwanza. Alilipapasa, Semeni. Vidole vyake vilianzia chini, polepole, vikapanda, vikapanda. Vikafika nchani. Akasema, "Limefumba." Basi, alisema hivyo tu, na machozi yakaanza kumshuka kwenye yale macho yasiyoona. Halafu akapokea etrogi, akasema baraka, akatikisa: mbele, kulia, nyuma, kushoto, juu, chini. Lile kuti likalia kama mvua inapoanza kwenye majani ya migomba. Hakukosea hata upande mmoja. Miaka yote ile alikuwa akituonyesha na mikono mitupu, kumbe alikuwa akifanya mazoezi!

Tukapiga vigelegele mpaka wale wa nje nao wakapiga.

Baadaye amekaa, kuti bado mkononi, kidole kinazunguka kile kifungo. Akauliza, "Hiki ukili kafuma nani? Huu si mkono wa Semeni, Semeni hajui kufuma." Nikakohoa. Baba akageuza uso upande wangu, akasema mbele ya watu wote: "Elias, miezi minne hii kila barua ya Semeni ikifika mahali pa kunificha, wewe unakohoa. Nimekuwa kipofu, sijawa kiziwi. Kalete zote unisomee."

Nikaenda kuzileta. Nikazisoma zote, kibandani, tangu mwanzo. Msabato, watu walicheka mpaka Mwalimu akaegemea nguzo. Ngazi ya manispaa, walicheka. Mlango uliofungwa, hakuna aliyecheka. Nilipofika pale Bibi Kheiria aliposema ameharibu ibada ya mtu, Baba akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema nirudie tena.

Mwalimu alitakiwa kuwaandikia Shirika jumuiya imeleta nini kwa mkono wake. Aliniuliza aandikeje, nikamwambia amuulize Baba. Baba akasema, "Andika: kuti limeletwa na binti yangu, na kifungo kimefumwa na ndugu yetu wa Maskati." Mwalimu akaandika hivyo hivyo.

Lile etrogi la Baba, Anjelina amelipika jamu, chupa moja anakuja nayo Radhia. Ni ya Bibi Kheiria. Baba hakuruhusu mtu yeyote aonje, hata mimi.

Maneno ya mwisho ni yake, ameniambia niandike kama anavyoyasema, nisiongeze. Haya hapa:

"Semeni mwanangu, nimelisikia. Sauti yake ni ya maji, si kavu, ni ile ile. Kuhusu macho yangu, nimesikia umelia siku mbili, zinatosha. Sasa hii barua usiisome peke yako jikoni. Kaa na huyo mama, umsomee yote, kwa sauti, na usikohoe."

Kaka yako,
Elias